Tatizo la ICU sio kuanza antibayotiki, ni kushindwa kuziacha

Tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) litoe ripoti yake ya Oktoba 2025 kuhusu usugu wa bakteria, kila mtu ana la kusema kuhusu antibayotiki, na lawama kibao naona zinaishia kwenye kitanda cha ICU, yaani wodi ya wagonjwa mahututi. Ripoti yenyewe inatisha kweli. Kati ya maambukizi 6 ya bakteria yaliyothibitishwa maabara mwaka 2023, 1 lilikuwa la bakteria sugu, na kuanzia 2018 hadi 2023 usugu uliongezeka kwenye zaidi ya asilimia 40 ya jozi za dawa na bakteria zinazofuatiliwa. Mtu akisoma namba hizo anakimbilia jibu la haraka, kwamba madaktari wa ICU wanamwaga dawa kali ovyo, kwahiyo wabanwe, dawa kali zifungiwe kabatini, kila chupa iombewe saini, mgonjwa aanzishiwe dawa ndogo kwanza tuone. Mimi naona hapo tumeshika pasipo. ICU zina kosa, tena kubwa, ila kosa lenyewe haliko saa ya kwanza pale mgonjwa anapoingia presha imeshuka na anahema kwa shida. Liko siku ya tatu, ya tano, ya kumi, pale dawa inapoendelea kwa sababu tu jana ilikuwepo kwenye chati.

Tuanze na hali ilivyo. Mwezi Septemba 2017 watafiti walihesabu wagonjwa wa ICU 15,202 kwenye vituo 1,150 vya nchi 88, hesabu ya saa 24 tu, wakakuta asilimia 54 wana maambukizi yaliyothibitishwa au yanayoshukiwa, lakini waliokuwa wanapewa angalau antibayotiki moja walikuwa asilimia 70. Tofauti hiyo sio yote uzembe, wapo waliokuwa wanapewa dawa ya kinga kwa ajili ya upasuaji na hiyo ina nafasi yake, ila inakuonyesha antibayotiki ilivyozoeleka humo ndani, inatundikwa bila mtu kushtuka. Na haishangazi ukimwangalia mgonjwa mwenyewe. Ana mpira kooni, ana mpira wa mkojo, ana mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingo, hawezi kukohoa akatoa makohozi, na kila palipotobolewa ni mlango wa bakteria. Halafu homa yake inaweza kutoka popote: damu iliyoganda mguuni, kongosho iliyovimba, ubongo ulioumia, dawa nyingine anayopewa, hata damu aliyoongezewa. Ukitaka kumuuliza anaumwa wapi hajibu, kalazwa usingizi na mashine ndio inampumulia.

Kuna namba nyingine inayosomwa vibaya kwenye mjadala huu. Septemba 2024 mkutano wa ngazi ya juu wa Umoja wa Mataifa ulipitisha azimio la kupunguza kwa asilimia 10 vifo vinavyohusiana na usugu ifikapo 2030, ukilinganisha na vifo milioni 4.95 vya mwaka 2019, na humo humo ikawekwa kwamba angalau asilimia 70 ya antibayotiki wanazotumia binadamu ziwe za lile kundi la kwanza la WHO. WHO imezigawa dawa hizi makundi matatu tangu 2017, za kawaida, za kuchunga na za akiba. Sasa kuna watu wanaichukua hiyo 70 wanaipeleka moja kwa moja ICU, wanauliza mbona nyinyi dawa zenu nyingi ni za kuchunga. Lengo lile ni la matumizi yote kwa ujumla, pamoja na zahanati, wodi za kawaida, mtoto mwenye sikio, mtu mzima mwenye UTI. ICU inapokea wale ambao dawa za kawaida zimeshashindwa au hamna muda wa kuzijaribu. Ukiipima kwa rula hiyo itafeli kila mwaka hata kama inafanya kila kitu sawasawa, na mbaya zaidi inaweza kufaulu kwa kuwanyima dawa watu waliokuwa wanazihitaji.

Manake ile saa ya kwanza sio ya kuchezea. Mwaka 2006 Anand Kumar na wenzake walichapisha uchambuzi wa wagonjwa 2,154 wenye shoku ya maambukizi (maambukizi yaliyoangusha presha) waliopewa dawa baada ya presha kushuka, na katika zile saa 6 za mwanzo kila saa moja ya kuchelewa iliendana na uwezekano wa kupona kushuka kwa wastani wa asilimia 7.6. Namba hiyo imebishaniwa sana kwa sababu ni utafiti wa kupekua mafaili ya nyuma, na mwenye kuchelewa kupewa dawa anaweza kuwa na sababu nyingine ya kufa, lakini hata wanaoibishia sijaona anayesema mgonjwa wa shoku asubiri. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 wa sepsisi, yaani maambukizi yanapoanza kuharibu viungo vya mwili, umeliweka vizuri, na ni sehemu ambayo watu hawaisomi: mwenye shoku, au ambaye sepsisi ni karibu hakika, dawa ndani ya saa 1. Ambaye hana shoku na sepsisi ni dhana tu, mchunguze haraka, na kama wasiwasi bado upo dawa ziingie ndani ya saa 3. Yaani hata mwongozo wenyewe hausemi kila mwenye homa apigwe meropenemu, moja ya zile antibayotiki kali, mlangoni, ila umetenganisha nani wa kukimbiliwa na nani wa kuangaliwa kwanza. Kabati la kufuli halijui tofauti hiyo. Saa nane usiku daktari wa zamu anahangaika kumpata mwenye funguo, na saa ile ile ndio mwongozo unaizungumzia.

Ila kukubali kwamba tuanze haraka maana yake tukubali pia kwamba mara nyingi tutakuwa tumeanza bila sababu. Kuna utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2015, wagonjwa 2,579 waliolazwa ICU kwa dhana ya sepsisi. Walipochunguzwa upya baadaye kwa utulivu, majibu yote yakiwa mezani, asilimia 13 ikaonekana hawakuwa na maambukizi kabisa na asilimia 30 ikawa inawezekana tu, haina uhakika. Kwa hesabu ya haraka ni karibu nusu. Mimi sioni kama hiyo ni aibu ya waliowaanzishia dawa, kwa taarifa walizokuwa nazo saa ile walifanya sawa. Aibu ingekuwa kama hao asilimia 43 wangepewa dawa siku zote 10 au 14 bila mtu kurudi kuuliza.

Na hapo ndipo penye tatizo lenyewe, wacha nilisogeze karibu kidogo. Chukua mgonjwa wa mfano, mama wa miaka 58, maambukizi yametoka kwenye figo yakaingia kwenye damu, anafika presha ya juu inasoma 70. Anawekewa maji, noradrenalini ya kupandisha presha, meropenemu gramu 1 kila saa 8 na antibayotiki nyingine, vankomaisini, juu yake. Sawa kabisa. Damu ya kuotesha, ile ya kuangalia maabara kama ina bakteria, ilichukuliwa kabla ya dawa, sawa pia. Kwenye saa ya 40 hivi maabara wanapiga simu, chupa zote mbili zimeotesha bakteria E. coli, na inakufa kwa seftriaksoni, dawa isiyo kali kama meropenemu. Nesi anaandika majibu kwenye faili. Asubuhi ya siku ya tatu raundi inapita, noradrenalini inapunguzwa, watu wamefurahi, kwenye faili kunaandikwa "aendelee na matibabu". Siku ya nne ni Jumamosi, daktari mwingine, hamjui mgonjwa, hawezi kuanza kubadilisha vitu vya wenzake. Siku ya sita homa inagusa 38.1, hapo sasa nani atathubutu. Siku ya kumi na moja bado yuko kwenye meropenemu, na vankomaisini bado inaingia, dawa ambayo haiigusi E. coli hata kidogo, haijawahi kuigusa, na kreatinini, kipimo cha figo, imeanza kupanda. Ukiwauliza mmoja mmoja kila mtu ana sababu ya kueleweka. Hamna aliyeamua mama huyu apewe meropenemu siku 11, ila hamna pia aliyeamua aache.

Kuanza dawa kuna mwenyewe, kuna saa yake, kuna mwongozo, kuna hadi hospitali zinazopima dakika. Kuacha hakuna mwenyewe. Na ukiangalia mizani ya lawama unaelewa kwa nini. Daktari akiacha dawa leo na mgonjwa akafa kesho, atajiuliza mwenyewe kabla hata hajaulizwa na ndugu, na kwenye kikao cha vifo swali la kwanza litakuwa mbona uliacha. Akiendelea nayo wiki mbili, halafu wiki ya tatu mgonjwa akapata nimonia ya bakteria Acinetobacter isiyosikia chochote ila kolistini, moja ya dawa za akiba, itaandikwa kwamba mgonjwa alikuwa na hali mbaya, akapata maambukizi ya hospitali, bahati mbaya. Hamna anayerudi nyuma kuuliza zile siku 7 za ziada zilikuwa za nini. Kosa la kwanza lina jina la mtu na la pili limepotelea kwenye zamu, kwahiyo binadamu yeyote mwenye akili timamu ataegemea upande wa kuendelea. Ndio maana kila nikisikia semina nyingine ya "kuelimisha madaktari kuhusu usugu" nachoka, kwani nani kati yao hajui usugu ni nini.

Siku za ziada zinafanya nini hasa? Watu wanadhani bakteria waliomleta mgonjwa ndio watajifunza kuishinda dawa. Inatokea, lakini ICU hatari kubwa iko kwenye utumbo. Humo kuna bakteria chungu nzima ambao hawakuwa na ugomvi na mtu, dawa inapita inaua wale dhaifu, wanabaki wachache waliokuwa na vinasaba vya usugu tangu mwanzo, Klebsiella mmoja mwenye kimeng'enya cha kukatakata karbapenemu (familia ya meropenemu) kwa mfano, na sasa ana nafasi yote na chakula chote peke yake. Siku mbili tatu za dawa zinatikisa, siku kumi na nne zinamkabidhi nyumba. Halafu anatoka: kwenye mikono yetu, kwenye sinki, kwenye mpira wa mkojo, hadi kitanda cha jirani ambaye hata hiyo dawa hajawahi kupewa. Utafiti mmoja wa 2019 ulifuatilia wagonjwa 7,118 wa sepsisi kali na shoku, ukakuta kila siku moja ya ziada ya zile beta-laktamu (ukoo wa penisilini, meropenemu ikiwemo) zinazoua bakteria Pseudomonas iliendana na ongezeko la asilimia 4 la hatari ya kupata usugu mpya. Asilimia 4 inaonekana ndogo ukiiona peke yake. Zidisha kwa siku 7 zisizo na kazi, zidisha kwa vitanda vyote. Na hapo hatujagusa figo, hatujagusa kuharisha kwa Clostridioides difficile ambako kunaweza kumrudisha mgonjwa ICU akiwa alishatoka.

Swali la haki kabisa ni hili: tuna uhakika gani kwamba ukiacha mapema mgonjwa hatadhurika? Miaka 25 iliyopita ningekuelewa ukisita. Leo ushahidi upo. Mwaka 2003 Wafaransa kwenye ICU 51 walilinganisha siku 8 na siku 15 kwa nimonia ya mashine ya kupumulia, wagonjwa 401, vifo vikawa asilimia 18.8 kwa 17.2, hamna tofauti ya maana, ingawa wale wenye Pseudomonas na wenzake maambukizi yaliwarudia zaidi walipopewa siku chache na hilo lazima lisemwe. Halafu Novemba 2024 ukaja utafiti wa BALANCE, wagonjwa 3,608 wenye bakteria kwenye damu, hospitali 74 nchi 7, na asilimia 55 walikuwa ICU wakati wanaandikishwa. Waliopangiwa siku 7 walikufa asilimia 14.5 ndani ya siku 90, wa siku 14 asilimia 16.1. Siku 7 hazikuwa na ubaya zaidi. Sasa usikimbie nayo, utafiti ule haukuchukua wenye Staphylococcus aureus kwenye damu, haukuchukua waliopungukiwa kinga sana, wala wenye jipu ambalo halijatolewa usaha, wala maambukizi ya vali za moyo, hao hesabu yao ni nyingine. Lakini yule mama wetu wa E. coli ya figo? Huyo ni wa BALANCE kabisa, asilimia 42 ya wagonjwa wao maambukizi yalitoka kwenye njia ya mkojo.

Ila kitu kilichonivutia zaidi kwenye BALANCE hakikuwa vifo. Kati ya waliopangiwa siku 7, asilimia 23.1 walipewa zaidi. Hebu fikiria, uko ndani ya utafiti, mgonjwa kapangiwa kwa kura, kamati ya maadili imepitisha, kila mtu anajua siku ni 7, na bado karibu robo dawa zinaendelea. Mwezi uliofuata, Desemba 2024, Waingereza nao wakatoa ADAPT-Sepsis, wagonjwa 2,760 kwenye ICU 41, kundi moja madaktari walipewa ushauri kila siku kutokana na kipimo cha damu cha prokalsitonini kwamba acha au endelea. Siku za dawa zilishuka kutoka 10.7 hadi 9.8. Kipimo cha kila siku, na tumepunguza chini ya siku moja! Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema kipimo hakina nguvu. Mimi nayasoma vingine, kwamba hamna kipimo kitakachomwamulia mtu asiyepewa ruhusa ya kuamua.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa kuliko zote, ni ile ya "usipomaliza dozi unazalisha usugu". Tumeisikia tangu utotoni, imebandikwa kwenye kuta za hospitali, na madaktari wenyewe wanaiamini kimoyomoyo. Wengine wanamtaja Alexander Fleming na hotuba yake ya Nobel ya 1945. Fleming alionya kweli, lakini alichokionya ni kiasi kidogo, mtu anajipa penisilini isiyotosha kuua bakteria ila inatosha kuwafundisha kuizoea. Hilo ni la miligramu, siku 14 hajazitaja popote. Upande wa kifua kikuu hoja inasimama, pale bakteria wanakua polepole, wanajificha, dawa zinakwenda nne kwa pamoja na matibabu ni ya miezi, ukikatisha unaharibu kweli. Tatizo tulichukua sheria ya kifua kikuu tukaivisha kila ugonjwa. Kwa maambukizi ya kawaida ya damu, mapafu au mkojo, bakteria walengwa wengi wameshakufa siku za mwanzo, na zinazobaki zinafanya kazi moja tu, kuchagua wale sugu wa utumboni. Hizi 7, 14 na 21 zenyewe zinanukia kalenda kuliko maabara, ni wiki moja, mbili, tatu. Kaizari Konstantino alipoifanya Jumapili siku ya mapumziko mwaka 321 hakuwa anafikiria Klebsiella. (Na tuelewane, hii sio ruhusa ya mtu nyumbani kuamua mwenyewe kuacha vidonge siku ya pili kwa vile amepata nafuu, ongea na aliyekuandikia.)

Hoja yenye uzito ni ya maabara. Sehemu nyingi duniani majibu ya kuotesha yanachelewa, au chupa hazipo, au damu ilichukuliwa dawa ikiwa imeshaingia kwahiyo haioti kitu na hujui kama ni kwa sababu hamna bakteria au kwa sababu umewaua. Daktari wa hapo akikwambia hawezi kubadilisha kutoka meropenemu kwenda seftriaksoni gizani, anakwambia ukweli. Kubana dawa bila maabara kweli ni kubahatisha. Lakini angalia, kubadilisha dawa na kuacha dawa ni vitu viwili. Tarehe ya mwisho haihitaji maabara, inahitaji kalamu. Mgonjwa ambaye presha imekaa sawa bila noradrenalini, oksijeni inapungua, homa imeshuka, chanzo kimeshughulikiwa, siku ya saba imefika, unaweza kuacha hata kama chupa ya damu haikuota kitu. Na upande wa pili, pale ambapo chupa zipo, kuchukua damu kabla ya dozi ya kwanza ni kazi ya dakika chache na bakteria wengi wa maana wanaonekana ndani ya saa 48, kwahiyo ukikosa majibu siku ya tatu kwa sababu hamna aliyekumbuka kuchukua, hilo halikuletwa na umaskini.

Kuna upotoshaji mwingine nauona, wa kudhani matumizi ya busara ni dozi ndogo. ICU ni kinyume chake kabisa. Mgonjwa amejazwa maji, dawa inasambaa kwenye ujazo mkubwa, na wengine hasa vijana waliopata ajali figo zao zinachuja kwa kasi kuliko kawaida, dawa inaishia kwenye mfuko wa mkojo kabla haijafanya kazi. Humo ukipunguza dozi kwa nia njema ndio unarudi kwenye onyo la Fleming. Ndio maana watu wamehangaika na namna ya kuipeleka dawa, utafiti wa BLING III wa 2024 ulilinganisha kuipitisha beta-laktamu mfululizo saa 24 na kuigawa kwa vipindi, wagonjwa zaidi ya 7,000, vifo vya siku 90 vikawa asilimia 24.9 kwa 26.8, tofauti ambayo kitakwimu haikufika mstari ingawa iliukaribia. Kwahiyo toa ya kutosha, tena vizuri, kwa siku chache. Ukitaka kubana matumizi bana siku, miligramu ziache.

Sasa haya yote yanatupeleka wapi. Kwanza, zile timu za kusimamia antibayotiki zinazoitwa kwa utani polisi wa dawa zimepangwa mlango usio sahihi. Nguvu nyingi ziko kwenye kuidhinisha dozi ya kwanza, fomu, saini, simu, wakati mfamasia huyo huyo na mtaalamu wa maabara huyo huyo wangesimama kwenye raundi ya siku ya tatu wangefanya kazi kubwa zaidi na ugomvi mdogo zaidi, kwa sababu mtu aliyepita saa 48 ana majibu mkononi na hofu imepungua. Pili, kila antibayotiki inayoandikwa ICU iandikwe na sababu yake na tarehe ya kuisha papo hapo, na tarehe ikifika dawa isimame mpaka mtu aandike kwa jina lake kwamba inaendelea kwa sababu moja, mbili, tatu. Leo kuendelea ni bure, kuacha ndio kunaombewa maelezo, ukigeuza hilo umegeuza mizani nzima bila semina hata moja. Najua kuna hatari hapo, dawa ya mgonjwa wa vali ya moyo anayehitaji wiki 6 inaweza kusimama kimakosa usiku. Kwahiyo nesi apewe mamlaka ya kupiga simu kabla tarehe haijafika, na nesi wa ICU ndiye anayejua kuliko wote kwamba chupa anayotundika ni ya siku ya ngapi, ni vile tu hatumuulizi.

Tatu ni vipimo vya uongozi. Meneja anayeangalia tu kiasi cha meropenemu kilichotoka stoo hajui kama kilienda kwa wagonjwa wengi siku chache au kwa wachache siku nyingi, na hayo mawili ni dunia tofauti. Ahesabu siku za dawa kwa kila mgonjwa, ahesabu wangapi walipitiwa upya ndani ya saa 72, ahesabu wangapi bado wana vankomaisini wakati maabara imeshasema hamna bakteria wake. Na kwenye meza ile ile ziwekwe takwimu za upande wa pili, wangapi waliachishwa wakarudi na homa, wangapi walirudishiwa dawa, wangapi walikufa, wakilinganishwa na wale ambao dawa ziliendelea. Hizo za pili ndio watu wanaziogopa na ndio muhimu zaidi, kwa sababu daktari wa zamu ya Jumamosi hatafuta mstari kwenye chati kwa kuambiwa tu kwamba Uingereza imewezekana. Atafuta akiona hospitali yake mwenyewe, kwa wagonjwa wake mwenyewe, walioachishwa siku ya saba wanatoka ICU kama wenzao, na kwamba hata yule mmoja aliyerudi na homa kikao kiliuliza homa imetoka wapi kabla ya kuuliza nani aliacha dawa.